Kutia Hadithi Kwenye Video ya Mafunzo: Mwongozo Kamili kwa Watengenezaji wa Kanda ya Ziwa

Ukiambiwa "tutengenezee video ya mafunzo ya kutunza sangara kwenye barafu, dakika ishirini", anza kwa kuzikataa hizo dakika ishirini. Mtazamaji wako hayuko darasani. Yuko Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, amekaa ukingoni mwa mtumbwi, simu mkononi, bando la siku moja, na pembeni yake fundi anagonga misumari. Hatakuaga. Atatelezesha kidole tu, na wewe ofisini Kirumba utaandika kwenye ripoti kwamba watu wamefunzwa.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kumfanya abaki, nayo ni kuligeuza somo kuwa mchezo wa kuigiza mfupi. Nitaufuata mfano huohuo wa barafu mwanzo hadi mwisho. Kama unafundisha mawakala wa fedha za simu, wahudumu wa zahanati au madereva wa bodaboda, toa samaki, weka kazi yako.

Jambo moja tulikubaliane mapema. Hadithi haipambi somo. Somo lenyewe ndilo liwe kitu ambacho mhusika akikikosa, anapoteza. Kupima ni rahisi: futa sehemu yote ya somo kwenye skripti yako, kisha isome upya. Kama mambo yanaendelea bila kutetereka, ulichoandika ni kichekesho chenye tangazo katikati.

Hii njia ilishapimwa hapahapa nchini

Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watu wengi wa rika fulani bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Wasichojua wengi ni kwamba mchezo ule ulikuwa pia jaribio la kitaalamu. Kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha. Kilirusha vipindi vyake vya kawaida. Watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, wakawalinganisha wakazi wa huko na wale wa maeneo yaliyousikia. Kwenye maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi.

Muundo wake ulitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyeanza kutengeneza tamthilia za televisheni za namna hiyo miaka ya 1970. Aliwapanga wahusika katika makundi matatu: anayeshikilia tabia mbaya, anayeishi ile nzuri, na yule anayeyumba katikati. Huyu wa tatu ndiye mwenye kazi. Mtazamaji hujiona ndani yake, kwa sababu hata yeye hajaamua.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali pa kuamua

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na ndipo wengi wanaporuka. Wanachukua kitini cha mtaalamu, wanagawa aya kwa waigizaji, mmoja anauliza "Eti, umuhimu wa barafu ni upi?" na mwingine anajibu kwa pointi tano. Hakuna binadamu anayeongea hivyo mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki.

Funga kitini. Nenda ukakae na wanaofanya kazi yenyewe: mabaharia, wanunuzi, akina mama wanaochagua samaki. Usiwaulize wanajua nini. Wanajua, na watakujibu kama walivyofundishwa kwenye semina. Waulize hivi: mara ya mwisho mzigo ulipokataliwa, ilikuwaje? Nani alikuwepo? Nani alilaumiwa? Ungekuwa wewe ungefanyaje, na ingekugharimu nini?

Swali la mwisho ndilo lenye dhahabu. Watu hawafanyi makosa kazini kwa kutojua peke yake. Mara nyingi kufanya vizuri kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu mdogo kuliko wote chomboni.

Chukua barafu. Kanuni inayofundishwa kwenye nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kila mtu anaweza kuikariri. Lakini kasha la boti ya kukusanya samaki lina ukubwa wake, na kila nafasi inayokaliwa na barafu haikaliwi na samaki. Tajiri, yaani mwenye boti, amelipia mafuta ya kwenda na kurudi visiwani. Anataka kasha lirudi limejaa. Kijana aliyetumwa yuko Ukerewe au Kome, barafu ya ziada imeisha, na mvuvi amesimama mbele yake na sangara wa ziada. Achukue asichukue?

Hapo una mchezo. Tena una somo, maana jibu lake limo kwenye fizikia ya barafu. Sangara aliyetoka majini ana joto la ziwa, nyuzi 25 hivi. Kumshusha hadi karibu na sifuri kunayeyusha takriban robo kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Ukiongeza kilo 80 za samaki wa moto juu ya mzigo, watakula kama kilo 20 za barafu iliyokuwa ya wenzao. Kosa la huyu kijana, kama atalifanya, haliwaharibu wale 80 tu. Linawafikia na wale waliokuwa salama.

Kuna mtego kwenye hatua hii: kutafuta hatari kubwa mno. Mtaalamu atakushauri uanze na Umoja wa Ulaya, uliozuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi tofauti kati ya 1997 na 1999, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonela, kisha hofu ya kipindupindu, kisha taarifa za uvuvi wa sumu. Ni historia nzito, viwanda viliyumba na watu walikosa kazi. Lakini baharia wa miaka 22 hakuwa amezaliwa. Kinachomtoa jasho yeye ni mnunuzi wa alfajiri hii, akibonyeza samaki kwa kidole na kutikisa kichwa. Mwekee huyo.

Hatua ya pili: watu watatu, siyo saba

Katika mfano wetu wa kubuni: Masalu, kijana aliyekabidhiwa boti kwa mara ya kwanza, ndiye anayeyumba. Mjomba wake, mwenye boti, anasikika kwenye simu tu. Babu Bwire, baharia mkongwe, anajua lakini hasemi hovyo. Mvuvi anapita.

Mjomba asiwe mbaya. Mpe hoja ya kweli: mafuta ni ghali, na yeye ndiye anayedaiwa. Ukimfanya mchoyo anayecheka kwa sauti nzito, kila tajiri atakayetazama atajitoa: "huyo siyo mimi." Na mkongwe asigeuke mhubiri. Akishaanza "sikiliza kijana wangu", umerudi kwenye semina.

Hatua ya tatu: ingia jambo likiwa tayari limeanza

Nembo inayozunguka, muziki, "karibuni katika mfululizo wetu": tupa vyote. Jina la taasisi litakaa mwishoni. Sekunde ya kwanza ioneshe kitu kinachodai maelezo. Wazee wetu walisema "Paukwa!" na hawakuendelea mpaka wasikie "Pakawa!", walihakikisha msikilizaji ameshaingia ndani kabla hadithi haijasonga. Kwenye simu hakuna wa kukuitikia, kwa hiyo picha ifanye kazi hiyo.

Hii hapa skripti ya sehemu ya katikati. Isome kwa sauti.

*Usiku. Kambi ya wavuvi kisiwani, siku ya pili ya safari. Tochi inamulika ndani ya kasha: sangara wamelala kwenye barafu, juu kuna nafasi.*

MVUVI: Kaka, nina kilo themanini hapa. Wamoto kabisa, wametoka sasa hivi.

MASALU: Barafu yangu imeisha, kaka.

MVUVI: Na hiyo nafasi ni ya nini? Haya. Kuna boti nyingine inakuja. Ila usije kuniuliza tena samaki.

*Simu inaita.*

MASALU: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Umejaza?

MASALU: Ninao mia mbili. Kuna wengine themanini, ila barafu…

MJOMBA: Masalu. Mafuta analipa nani?

MASALU: Wewe, mjomba.

MJOMBA: Haya.

*Simu inakatika. Babu Bwire anakunja kamba, hamtazami.*

MASALU: Babu, ungekuwa wewe?

BWIRE: Mimi si nahodha. *(Anakaza fundo.)* Shika hiyo barafu ya juu, uniambie ikoje.

*Masalu anaingiza mkono kwenye kasha. Maji yanachuruzika kati ya vidole. Anamtazama mvuvi. Picha inasimama.*

Maandishi kwenye kioo: *Samaki kilo 200, barafu iliyobaki ndiyo hii. Wachukuliwe wale 80?*

Hakuna aliyesema "umuhimu". Hakuna aliyetaja kanuni ya kilo kwa kilo. Lakini aliyetazama anaihitaji sasa, na ukimpa kwa sekunde thelathini, kwa sauti ya kawaida na picha ya kasha lililokatwa ubavu kuonesha tabaka za barafu na samaki, ataipokea. Hapo ndipo mahali pa mtaalamu wako, katikati ya mchezo, baada ya swali na kabla ya jibu.

Hatua ya nne: acha uamuzi uzae matokeo

Kama mtandao wenu wa mafunzo unaruhusu mwanafunzi kubonyeza jibu, andika miisho miwili. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ikiwa na nyongeza ya H5P inaweza kufanya hivyo. Hata YouTube unaweza kuweka video mbili fupi na viungo viwili. Kama mnasambaza kwa WhatsApp, tuma sehemu ya kwanza asubuhi, waache wabishane kwenye kundi, tuma ya pili jioni. Mabishano hayo yana faida kuliko mtihani wowote utakaotunga.

Masalu akichukua: alfajiri mwaloni mnunuzi anafungua matamvua, yameshaanza kuwa ya kahawia badala ya mekundu. Anabonyeza nyama, shimo la kidole linabaki. Jicho limezama. Wa pili, wa tatu, mpaka anaanza kuwatenga hata wale wa chini. Usiweke sauti ya msimulizi hapa. Mikono ya mnunuzi inatosha, na dalili zote za ubora zimefundishwa bila orodha.

Masalu akikataa: mzigo wote unapokelewa. Lakini mvuvi ameshauza kwa mwingine, na mjomba anapiga simu akiwa amenuna. Usimpe Masalu makofi na muziki wa ushindi. Ukidanganya kwamba kufanya vizuri hakuna gharama, mtazamaji anayejua gharama hiyo atakudharau, na haki yake. Mpe badala yake njia ya kupunguza gharama: safari inayofuata, kabla ya kung'oa nanga, Masalu anamweleza mjomba kwa hesabu ya fedha, kilo ngapi zilikataliwa kwa boti ya jirani. Ni mazungumzo ambayo kijana anaweza kuyaiga neno kwa neno.

Tahadhari kuhusu hofu

Ukifundisha usalama wa vyombo vya majini, utashawishika kutumia misiba ya kweli. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Picha zipo, na mhariri atakwambia zinashika. Mimi sizitumii, na ninakushauri usizitumie. Kwenye ziwa hili huwezi kujua nani kati ya watazamaji wako alipoteza mama au mdogo wake siku hizo. Zaidi ya hapo, hofu isiyo na njia ya kutokea humfanya mtu azime simu. Buni chombo, buni abiria, na onesha dakika ambayo mkata tiketi bado anaweza kusema "kimejaa". Hapo kuna la kujifunza. Kuzama kwenyewe hakumfundishi mtu kitu.

Hatua ya tano: lugha

Andika Kiswahili cha mwaloni. Tajiri ni tajiri, migonzo (kamba za ndoano nyingi) ni migonzo, makila (nyavu za kutega) ni makila. Ukiandika "mmiliki wa chombo" mdomoni mwa baharia, umeshapotea. Salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", ikitokea asubuhi ni sawa, mradi atakayejibu ajibu kwa kawaida.

Na tafadhali, lafudhi ya Kisukuma isiwe ndiyo kichekesho. Vichekesho vyetu vimezoea kumfanya mwenye lafudhi hiyo kuwa mshamba anayeshangaa lifti. Ukimpa mjinga wa hadithi yako lafudhi ya nusu ya watazamaji wako, kisha mjuzi aongee kama msoma taarifa ya habari, utakuwa umewafundisha kitu kingine kabisa.

Masihara yawepo. Yatoke kwenye hali, kama lile "Mafuta analipa nani?"

Hatua ya sita: kurekodi

Simu ya kisasa inatosha. Kinachokwamisha huku ni sauti. Upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu jua linapopanda, kwa hiyo rekodi mazungumzo ya nje mapema asubuhi, na mchana ubakishe picha zisizo na maneno. Nunua maiki ndogo za kubana kwenye nguo, zenye manyoya ya kuzuia upepo. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua hizo, kamera isubiri. Mwaloni Kirumba huwezi kuwanyamazisha watu. Rekodi sekunde sitini za makelele yenyewe, uziweke chini ya mazungumzo uliyorekodi pembeni.

Tukio la usiku si lazima ulirekodi usiku wa manane. Magharibi, jua likiwa limezama na mbingu bado ina rangi, simu inaona vizuri kuliko gizani, na tochi moja inafanya kazi iliyobaki.

Waigizaji: mchukue mnunuzi wa kweli acheze mnunuzi. Mikono yake inajua, na hutamfundisha muigizaji wa mjini kushika samaki vile. Usimpe maneno ya kukariri. Mweleze hali, mwache aseme kwa maneno yake, rudieni mara chache. Kwa mhusika anayeyumba, tafuta mtu mwenye uzoefu wa kuigiza, maana kusitasita mbele ya kamera ni kazi ngumu. Kila mmoja atie saini ridhaa kabla ya kurekodi, na umweleze video itasambaa wapi.

Kagua pia kilicho ndani ya picha. Sangara asiyefika sentimita 50, urefu wa chini unaoruhusiwa, akionekana hata nyuma kabisa, au kokoro, wavu uliopigwa marufuku, likiwa limeanikwa ukutani, watazamaji watajadili hicho tu. Hadithi yako itakuwa imekufa.

Hatua ya saba: kuhariri na kupunguza uzito

Lenga dakika nne. Skripti ya kurasa nne iliyopangwa kwa mtindo wa mazungumzo hutoka karibu hapo. Unapokata, ingia kwenye tukio umechelewa na utoke mapema: Masalu akishaingiza mkono kwenye barafu, hatuna haja ya kumuona akiutoa.

Weka maandishi ya mazungumzo chini ya picha, makubwa, kwa sababu wengi watatazama bila sauti. Picha isimame wima kama inakwenda kwenye simu.

Uzito ni hesabu nyepesi. Ukihifadhi video kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, dakika nne ni megabiti 240, ukigawa kwa nane unapata megabaiti 30. Ukiiacha ilivyotoka kwenye simu inaweza kuwa mara kumi ya hapo, na bando la mtu likaisha kabla Masalu hajapigiwa simu. HandBrake ni programu ya bure na inafanya upunguzaji huu vizuri. Ijaribu kwenye simu ya bei nafuu, siyo kwenye kompyuta yako.

Hatua ya nane: pima

Kabla ya kusambaza, waoneshe watu watano au sita wa kazi hiyo, na wewe tazama nyuso zao badala ya kioo. Wakianza kuzungumza wao kwa wao dakika ya pili, ikate hiyo dakika ya pili, hata kama ndiyo unayoipenda. Ikiwa kwenye YouTube, fungua mchoro wa takwimu unaoonesha watazamaji wanaondoka sekunde ipi. Mara nyingi utaona wanaanguka pale mtaalamu anapoingia. Dawa ni kumfupisha, au kuonesha mkono wake ndani ya kasha badala ya uso wake mbele ya pazia.

Usiwaulize kama wameipenda. Baada ya wiki moja, waulize: una barafu ndoo mbili, mvuvi analeta kilo hamsini, utafanyaje? Wakikujibu kwa kusema "kama yule Masalu", andika.

Pasipohitaji hadithi

Kujaza fomu. Kubadilisha nywila. Kuunganisha mashine ya boti. Hapo mtu anataka kuona kitufe kipi na kwa mpangilio gani. Ukimletea wahusika atachukia, nami nitakuwa upande wake. Onesha mikono, sema hatua, maliza. Hadithi ni ya mahali ambapo mtu anajua la kufanya na bado anashawishika kutolifanya.

Hotuba ya mkurugenzi

Itakuja. Video ikishakuwa nzuri, mtu atapiga simu kuomba dakika mbili za utangulizi wa mkurugenzi, na pengine mgeni rasmi. Usibishane. Mrekodi vizuri kuliko ulivyomrekodi mtu yeyote, mpe mwanga mzuri na sehemu ya ziwa nyuma yake, kisha ihifadhi kama video inayojitegemea yenye jina lake na kiungo chake. Anayetaka kuitazama ataitazama. Ile ya Masalu ianze na tochi.